Salamu Maria ya Tatu

Amani alinipigia simu nikiwa chini ya lori la mteja, na kwa kuwa mikono yangu ilikuwa imejaa grisi, nilimwomba fundi wangu anishikie simu sikioni. "Yaya Nabintu," alisema, "Maman ametuacha. Leo asubui, mu usingizi." Amani, anayeniita yaya kama dada yake mkubwa, ni kitinda mimba wa Maman Josefina, mtu mzima sasa, na sauti yake ilikuwa tulivu kuliko yangu. Nikabaki pale chini, mgongo kwenye sakafu, nikitazama sanduku la gia la mtu mwingine, na kilichonijia kwanza, Mungu anisamehe, hakikuwa uso wa marehemu. Kilikuwa kilio cha starta ya gari lake. Kilio kile kiliniamsha kila asubuhi kwa mwaka mzima, nilipokuwa na miaka ishirini na kuishi katika chumba cha uani kwake, mtaa wa Nguba. Wenzangu wakikutana huzungumzia mwaka wao wa mapenzi, au mwaka wa masomo, au mwaka walioanza kuvuta mshahara. Mimi nina mwaka wa gari lililochelewa kuwaka, na sijawahi kuutamani mwingine badala yake.

Chumba kile nilikipata bure kwa sharti moja. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa ufundi wa magari, msichana peke yangu darasani, na kinywa changu kilikuwa kikubwa kuliko ujuzi wangu. Maman Josefina, mkunga aliyezalisha nusu ya watoto wa mtaa, alinisikia baada ya misa nikijigamba mbele ya wanakwaya kwamba motori bado haijazaliwa ya kunishinda. Akanishika mkono palepale mlangoni mwa kanisa. "Weye njo fundi?" aliuliza. "Mi niko na chumba, na niko na mutuka yenye inakawia kuwaka. Kuja ukae kwangu. Mbele ya mwaka kuisha, nataka iwake mara moja. Ikikushinda, hakuna mubaya, utakuwa umekula bugali yangu." Nilihamia Jumatatu na begi moja na sanduku la spana. Chumba kilikuwa na kitanda cha chuma, meza ya shule iliyochorwa majina ya watoto wake wote, na dirisha dogo la kutazama ua. Viwanja vya Nguba upande ule hushuka kuelekea ziwani: geti iko juu barabarani, nyumba iko chini, na chini ya nyumba kuna migomba michache, kisha maji. Gari lililala hapo juu kwenye mteremko, hatua kumi kutoka dirisha langu, pua yake ikitazama geti. Nayasema haya sasa kama mtu aliyekuwa na macho. Ukweli ni kwamba nililala ubavuni mwa gari lile karibu mwaka mzima bila kuona lilivyolala.

Lilikuwa gari la mazutu, yaani dizeli, jeupe, zee kuliko mimi, na Maman alikuwa na kipimo chake mwenyewe cha ugonjwa wake. Asubuhi kabla ya jua alikaa kwenye usukani, akazungusha ufunguo, starta ikaanza kulia, naye akaanza Salamu Maria kwa sauti. Amina ya kwanza ikifika aliuachia ufunguo, starta ikapumzika, kisha akaanza ya pili. Kwa kawaida motori iliitikia katikati ya sala ya tatu, ikikohoa, ikitoa moshi mweupe ulioingia wote chumbani kwangu. Mezani alinipa ripoti akikoroga chai. "Leo mbili na nusu." "Leo tatu na kamsalaba." Siku moja ya mvua alifika tano, akaingia kunywa chai, akaikoroga mpaka ikapoa, na mimi nikala mkate wangu nikitazama kitambaa cha meza. Ndipo nilipoanza kuelewa kwamba hilo halikuwa suala la kuchelewa kazini. Maman Josefina hakuwa akilala usiku. Ufunguo aliuweka chini ya mto, viatu vyake vilikaa kando ya mlango vikielekea nje, na kila jioni, akishafunga madirisha, alisimama kwenye kizingiti changu na kuniuliza swali lilelile: "Unazania kesho itawaka?" Nikijibu itawaka, alisema aksanti, lakini kupitia ukuta nilisikia kitanda chake kikilia hadi majogoo. "Kama sijue kama itawaka, macho haifungikake," aliniambia mara moja, akicheka kidogo. Sikuuliza kwa nini. Watu wa umri wake mjini kwetu walikuwa na sababu zao, na sisi vijana tulijifunza mapema kutoziuliza.

Sebule yake naiona hadi leo. Kulikuwa na friji iliyogeuzwa kabati, kwa kuwa umeme ulikuja kama mgeni asiyetoa taarifa. Ndani yake aliweka sukari, unga, vitambaa vya kufungia vitovu na barua za marehemu mumewe. Kulikuwa na viti sita vilivyovishwa vitambaa vya kufumwa, na Jumamosi viti hivyo vilijaa kinamama wa shirika lake la parokia, ambao walimaliza rozari upesi ili wapate muda wa kuzungumzia gari. Mimi nilikuwa jikoni nakaanga sambaza, vidagaa vya ziwani, mlango wazi, nasikia kila kitu. Mmoja alisema ni mazutu ya kwenye vidumu vya barabarani, batu banatiamo maji. Mwingine alisema ni wivu, kuna jirani analitazama vibaya. Wa tatu, mjane wa dereva, ndiye aliyelilaumu ziwa, kwa neno lililobaki kichwani mwangu: "Ni baridi ya lac. Mutuka ya Nguba yote inakohoaka." Maman aliwasikiliza wote kwa heshima kisha akasema yeye kama mukunga anaona ni uchungu mrefu tu, na dawa ya uchungu mrefu ni subira na mtu anayejua kazi. Nilijua ananisema mimi. Sambaza ziliungua kidogo siku ile, na kinamama wakazila bila kulalamika.

Tiba zangu nazikumbuka kwa aibu na mapenzi. Nilianza na betri, nikaisafisha hadi iking'aa. Nikaja kwenye mishumaa ya kupasha moto motori, nikaibadilisha yote minne, ingawa mitatu ilikuwa mizima. Kila mara ambapo gari halikubadilika, nililipeleka kwa Chef Mugisho, mwenye karakana ya Cimpunda nilikofanyia mazoezi ya shule, mtu mnene mwenye kofia ya sufu majira yote na sauti ya padri. Karakana yake ilikuwa chini ya barabara, magari yaliingia kwa kushuka pua mbele na kulala hivyohivyo. Mara mbili alililaza gari kwake, na mara mbili asubuhi aligusa ufunguo likawaka palepale. "Madmazeli," aliniambia mara ya pili, akipangusa mikono polepole ili mafundi wote wasikie, "hii mutuka iko muzima. Mwenye kuwa mugonjwa njo weye." Baadaye Maman alikwenda Bunyakiri, kama alivyokwenda kila mwaka kusafisha kaburi la mumewe. Nilifuatana naye. Tulilala kwenye nyumba ya masista, gari likiwa kwenye kilima chini ya ukuta wao, na asubuhi liliwaka kabla hajafungua kinywa. Basi, nikasema, mjane wa dereva alisema kweli. Bunyakiri kuna joto, Cimpunda iko mbali na maji, Nguba kuna ziwa. Niliporudi nilichukua blanketi langu mwenyewe na kulifunika gari kifuani kila jioni, nikalifunga kwa kamba. Miezi mitatu mimi nililala nikitetemeka, na gari lililala na joto, na asubuhi ilikuwa Salamu Maria tatu kama zamani.

Desemba ilikuwa imeingia na mwaka wangu ulikuwa unakwisha, pale mchanga uliponiokoa. Maman alikuwa akitengeneza ukuta wa bustani, na lori likaja mchana likamwaga mchanga wote juu, mahali gari lilipolala. Aliporudi kutoka kazini jioni hakuwa na la kufanya isipokuwa kuupita ule mchanga na kushuka hadi karibu na mlango wa jikoni, pua ikitazama ziwa. Jioni nzima hakukaa kitini. Alikula bugali na mchicha wa lenga-lenga amesimama, akaenda dirishani, akarudi, akaenda tena. Mimi blanketi nililisahau, na nashukuru kwa hilo hadi leo. Mvua ilinyesha usiku kucha, ile ya baridi inayotoka upande wa kisiwa cha Idjwi, na asubuhi nikakaa kitandani nimejiandaa kwa sala tano au sita. Nilisikia mlango wa gari. Nilisikia ufunguo. Kisha motori ikawa inanguruma, safi, bila kikohozi. Nilitoka mbio nikamkuta Maman ameshuka, akilitazama gari kwa wasiwasi, kana kwamba kuna mtu amembadilishia. "Ata kusema Salamu, sikusema," aliniambia.

Tulikuwa bado tumesimama hapo, mimi na gauni la kulalia na yeye na koti la kazi, binti mmoja wa jirani akabisha, mimba ya miezi minane, akilalamika kwamba kila akiamka anaona kizunguzungu na miguu imekufa ganzi. Maman hakumgusa kwanza. Alimuuliza tu, "Unalalaka namna gani?" Binti akasema kwa mgongo. "Apana. Ukilala na mugongo, mutoto anakalia mushipa, damu hairudi muzuri. Lala na ubavu, wa kushoto. Uone kesho." Binti akaenda zake, na mimi nikageuka nikalitazama gari. Mwaka mzima nilikuwa nimeliuliza gari lile limekula nini, lina joto gani, lina umri gani. Sikuwa nimeliuliza linalalaje. Kwa Chef Mugisho lililala pua chini. Bunyakiri, kwenye kilima cha masista, pua chini. Usiku ule, pua chini. Nyumbani peke yake ndiko lilikolala pua juu, kila siku ya Mungu. Na tangi la mazutu liko nyuma. Kama palikuwa na mahali popote panapoingiza hewa kwenye mipira inayopeleka mazutu mbele, basi gari likilala pua juu mazutu yalirudi polepole tangini usiku kucha, na asubuhi motori ikakuta mipira mitupu. Zile Salamu Maria tatu zilikuwa muda wa mazutu kupanda tena.

Nilimpata mezani nikamweleza yote kwa vijiko, sahani ya sambaza ikiwa ndiyo kilima. Nilifurahi mno, nikamaliza kwa kumwambia kwamba hatuhitaji kununua hata nati. "Tugeuze mutuka tu, Maman. Ilale inaangalia lac. Itawaka kila siku." Aliweka kikombe chini. Akakusanya vijiko vyangu kimoja kimoja, na nikaona kwamba nimesema jambo baya bila kujua ni lipi. "Mwana," alisema, "zamani tulikuwa tunailaza vile. Inaangalia lac. Bwana yangu alipenda vile, anasema mutuka nayo ipate hewa. Siku ya vita, yenye batu bote balikimbia, sisi tulikuwa na mutuka, na mazutu, na bote tulikuwa ndani. Akataka kuigeuza. Ua ilikuwa na maji, akiwa na haraka, gurudumu ikaingia mu mufereji. Tulisukuma mpaka tukaacha. Tukaenda na miguu. Yeye alikuwa na moyo mugonjwa. Alifika Bunyakiri tu." Akanyanyua kikombe, kilikuwa kitupu, akakirudisha. "Hii ingine, nilipoinunua, siku ya kwanza niliigeuza kwa geti. Mpaka leo. Kama haiangalie geti, silale. Sasa unasema ni juu ya kuangalia geti njo haiwake." Alicheka, na machozi yakamtoka hapohapo, vyote viwili pamoja. Nami nililia. Niliona aibu ya ile furaha yangu. Nilikuwa nimepata jibu, nikamletea dawa ambayo yeye peke yake mjini mzima hakuweza kuinywa.

Basi kazi yangu ilikuwa haijaisha. Ndiyo kwanza ilianza, na zilibaki wiki mbili. Nililirudisha gari Cimpunda nikamwomba Chef Mugisho alilaze barabarani, pua juu, mawe nyuma ya magurudumu. Alinitazama kama mtu anayetazama mtoto akiomba kulala juu ya paa, lakini alikubali. Maman alikuwa amenipa kitu kutoka kazini kwake: kipande cha mpira wa mashine ya kufyonzea, mpya, unaoonyesha kilichomo ndani. Tulikifunga kati ya kichujio cha mazutu na pampu ili tuone kwa macho. Jioni kilikuwa kimejaa, rangi ya chai nyepesi. Asubuhi kilikuwa kitupu kabisa. Chef aliinama, akavua kofia yake, jambo ambalo sijaliona tena, akazungusha ufunguo mwenyewe, na sote tukatazama mapovu yakija, kisha mazutu, kisha mapovu, mpaka motori ikawaka. Hakuniomba msamaha, alisema tu, "Madmazeli, leta taa." Tulitafuta asubuhi yote. Ulikuwa mpira mfupi, urefu wa kidole, uliopasuka chini ya kibano chake cha chuma, mahali ambapo jicho halifiki mpaka ukifungue. Ufa wenyewe ulikuwa mwembamba hata ukucha haukuingia. Tulikata mpira mpya, tukabana, tukalilaza tena pua juu. Kesho yake liliwaka mara moja, na Chef akawaambia mafundi wake waache kazi waje wasikie.

Asubuhi ya kwanza nyumbani nilikuwa nimeamka kabla yake, nimesimama gizani nyuma ya dirisha. Gari lilikuwa mahali pake, juu, likitazama geti. Maman aliingia, akafanya ishara ya msalaba, akazungusha ufunguo, na motori ikaanza kabla hajatamka hata Salamu. Alikaa ndani muda mrefu bila kwenda popote. Kisha alikuja akagonga kioo changu. "Nabintu," alisema, "sasa Salamu Maria yangu nitaisalia wapi?" Usiku ule hakuja kizingitini kuniuliza swali lake, na kupitia ukuta sikusikia kitanda, nilisikia akikoroma, kwa nguvu, kama mtu mwenye deni la miaka ya usingizi. Nilikaa macho kwa furaha nikimsikiliza. Nimefungua motori nyingi tangu wakati ule, na nimefundisha wasichana kumi na wawili kazi hii, na kila mmoja namwambia asiguse kitu kabla hajauliza gari linalala wapi na namna gani. Siwaambii nilijifunzia wapi. Nadhani hilo nalihifadhi kwa ajili yangu.

Nilifika Nguba jioni ya siku ile ya simu. Viti sita vilikuwa vimetolewa uani pamoja na vya kuazima, kinamama wa shirika waliobaki walikuwa wakiimba, na friji ilikuwa bado kabati. Amani alinikumbatia, kisha akaniomba jambo: watahitaji gari kesho kuwapeleka wazee kanisani, na hakuna aliyeligusa kwa wiki tatu. "Weye njo fundi yake," alisema, akanipa ufunguo. Nikaelekea juu kwa mazoea, mahali pake, nikakuta patupu. Gari lilikuwa chini, karibu na mlango wa jikoni, pua ikitazama ziwa. Nilimuuliza Amani nani amelilaza vile. Alishangaa kidogo kwamba naona. Akaniambia ni Maman mwenyewe. Wiki zile tatu nyuma, mji ulipoingiwa tena na hofu ya vita, majirani wote wakigeuza magari yao kwa geti na kufunga mizigo, yeye alimwita na kumpa ufunguo kutoka chini ya mto. "Alisema nigeuze mutuka iangalie lac. Nikamuambia, Maman, batu biko banakimbia. Akasema, njo maana. Yeye haende tena fasi yoyote. Alafu akaenda kulala, na alilala muzuri."

Niliingia nikakaa kwenye usukani. Kiti kilikuwa bado kimevutwa mbele kwa miguu yake mifupi, na magoti yangu yaligonga. Nikafanya ishara ya msalaba, nikazungusha ufunguo, nikaanza Salamu Maria kwa sauti, na gari likawaka kwenye neno la kwanza. Niliendelea na sala mpaka amina. Kisha nikaweka gia ya nyuma na kulitoa polepole, kinyumenyume, nikipanda hadi getini, na muda wote ziwa lilikuwa mbele yangu kwenye kioo cha mbele.